Mtani Ndani ya Kaburi

Lukelo Kihwele alikuwa akitengeneza saa ya mke wa balozi nilipomwita, na kabla sijamaliza kusema "Shangazi hapa" alikwishaanza uchokozi wake.

"Nimekusikia ukipumua," alisema chini kwa chini, kioo cha ufundi kimebanwa jichoni. "Mngoni akishiba panya hupumua hivyo."

"Na Mhehe akitulia hivyo, ujue mbwa wa jirani haonekani," nikamjibu. "Mteja anayeingia ana bastola kwapani, upande wa kushoto. Mkaribishe chai."

Akamkaribisha chai. Akamwuliza habari za nyumbani, akaisifia saa yake, akaifungua, akamwambia ina vumbi na aiache mpaka kesho. Yule bwana aliondoka ameridhika kabisa, hajui kwamba ndani ya saa ile, iliyobaki mezani kwa Lukelo, mlikuwa na ramani aliyotumwa kuilinda. Mimi nilivuta shuka langu mabegani, nikacheka peke yangu kwenye kiti.

Nilikuwa Iringa, mtaa wa Gangilonga, katika jengo la kituo cha televisheni, na baridi ya Julai ilikuwa inapita chini ya mlango. Lukelo alikuwa Zimbari, mji mkuu wa nchi ambayo haipo kwenye ramani yoyote. Zimbari tuliitengeneza sisi, pamoja na mvua zake, treni zake na polisi wake wa siri, ndani ya mtambo mkubwa wa kukuza akili ambao mafundi wanauita bwawa. Tamthilia yenyewe inaitwa *Fundi Saa*. Jasusi wetu anajifanya fundi wa saa katika mji wa adui, na kila Jumanne jioni nchi nzima inakaa kumtazama. Kwaya ya kwetu Peramiho ilihamishia mazoezi Jumatano kwa sababu yake, na padri hakusema neno, maana naye alikuwa anatazama.

Lukelo si mwigizaji. Ni mwigo. Mwigizaji hupewa maneno ya kusema. Mwigo hupewa maisha, kisha akaachwa aseme mwenyewe. Huyu alipewa utoto wa Kalenga, kwa Wahehe, mama mkali mwenye mikono ya joto, harufu ya pombe ya ulanzi, na kovu la goti alilolipata akikimbia nyuki. Vyote hivyo anavikumbuka kama wewe unavyokumbuka vyako. Akiogopa, anaogopa kweli. Hajui kwamba anatazamwa, na sheria inakataza kumwambia.

Kazi yangu ni unong'onezi. Katika hadithi mimi ni Shangazi, mkuu wake wa kazi, sauti iliyofichwa sikioni mwake. Mwandishi wa tamthilia hakunipa kabila. Nililipata mwenyewe, siku Lukelo alipojificha ndani ya tangi la maji, maji yamemfika kidevuni, askari wanatembea juu ya mfuniko. Alikuwa anatetemeka. Akaninong'oneza, "Shangazi, kabla sijafa, wewe kabila gani?" Nilitakiwa nikae kimya. Nikasema, "Mngoni."

Kicheko kikambana mle tangini hadi akameza maji. "Nimekwisha," akasema. "Wamenikabidhi kwa mtani!"

Tangu hapo hatukupumzika. Wahehe na Wangoni walipigana zamani za mababu mpaka wakachoka, na hadi leo kila upande unasema ulishinda. Kilichobaki ni utani, na mtani ana ruhusa ambazo ndugu wa damu hana. Babu yangu alipofariki, Mhehe mmoja aliruka ndani ya kaburi, akajilaza chali, akagoma kutoka mpaka alipwe jogoo. Waombolezaji walikuwa wanalia na kucheka kwa pumzi moja. Nilimsimulia Lukelo kisa hicho, naye akaapa kwamba nikifa atafanya hivyohivyo.

"Utatangulia wewe," nikamwambia. "Na mimi sitaki jogoo hivihivi. Nataka mwekundu."

*

Zuhura Pazi, mtayarishaji wetu, aliniita ofisini kwake Ijumaa. Ni Mzaramo mwenye maneno mengi, na siku akiyapunguza ujue pana jambo.

"Kuni, kaa."

Jina langu ni Kunigunda Haule, lakini pale kituoni wote wananiita Kuni. Nikakaa.

"*Fundi Saa* inaisha Jumanne," alisema. "Bwawa linatakiwa kwa tamthilia mpya. Wakubwa wameamua."

"Inaishaje?"

Aliangalia dirishani, kwenye mawe makubwa ya mlimani. "Anakamatwa. Kanali Bakandu wa polisi wa siri anampiga risasi. Wanamzika nyuma ya stesheni ya treni."

Mwigo akifa ndani ya hadithi, akili yake hufungwa, na iliyofungwa haifunguliwi tena. Zuhura alilijua hilo kama mimi. Tulikuwa pamoja siku Lukelo alipofumbua macho kwa mara ya kwanza akaomba uji.

"Mimi simpeleki," nikasema. "Amekwepa mitego yote kwa sababu namwambia ukweli. Simwiti kwenye kaburi lake."

"Hutamwita wewe." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wametengeneza nakala ya sauti yako. Imesikiliza kila neno ulilomwambia tangu mwanzo. Inajua kutania kama wewe. Itamwambia kwamba mama yake amefariki, na kwamba kuna gari linamsubiri stesheni limrudishe nyumbani azike."

"Dada Zuhura, huyo ni mtoto wetu."

"Usinifanye nilie kazini."

"Basi tumwambie. Ajue, achague mwenyewe."

"Unamkumbuka yule mwigo wa kituo kingine? Yule muuguzi?"

Nilimkumbuka. Kila aliye kwenye kazi hii anamkumbuka. Kuna mtu alimwonea huruma akamweleza kila kitu, kwa upole, kwa maneno yaliyochaguliwa na wataalamu. Muuguzi yule alikaa kwenye kiti chake, akaunganisha mikono mapajani, na hakusema tena. Akili ipo, inapumua, lakini hakuna anayeweza kuifikia. Baada ya hapo ndipo ikatungwa sheria ya kukataza kuwaambia.

"Ukimwambia unaweza kumwua kwa njia mbaya zaidi," Zuhura alisema. "Na utafungwa. Nenda nyumbani, Kuni. Jumanne usije."

Nilikwenda nyumbani. Sikula. Dada yangu alinipikia makande, nikayaangalia mpaka yakapoa, akanifokea kwa huruma. Nilikuwa nampenda Lukelo Kihwele, na sioni aibu kulisema. Si mapenzi ya vitabuni. Ni kama unavyompenda mtu ambaye kila siku anakutukana vizuri.

*

Jumanne nilikwenda. Nani angeweza kukaa nyumbani? Nilijipenyeza nikasimama nyuma ya wafanyakazi waliojaa ukumbini kutazama, maana sehemu ya mwisho ilikuwa inarushwa moja kwa moja. Zuhura aliniona, akageuza uso.

Kwenye kioo kikubwa ilikuwa asubuhi ya Zimbari yenye ukungu. Lukelo anafungua duka lake, anazitia saa ufunguo moja moja. Kisha nikasikia sauti yangu ikitoka mahali pengine.

"Shangazi hapa, mla mbwa."

"Nimekusikia, mla panya. Leo umeamka mapema, panya wa ghalani wameisha?"

Nakala ikacheka kicheko changu, kikiwa na ule mkwaruzo wake wa mwisho. Watu ukumbini wakanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Lukelo," ikasema, ikishusha sauti. "Nina habari mbaya. Mama amefariki, usiku wa kuamkia leo. Pole sana. Mungu akutie nguvu. Nakuombolezea kwa moyo wote."

Lukelo aliweka bisibisi mezani. Uso wake ulivunjika, na mbele yangu dada mmoja wa mapokezi akaanza kulia. Lakini mimi nilikuwa naangalia mikono yake. Ilikuwa imetulia kupita kiasi. Ndivyo inavyotulia anapoona mtego.

"Asante," alisema polepole. "Asante kwa kunipa pole, Shangazi."

Hapo nikajua kwamba amejua.

Nakala ilijifunza matusi yangu yote, lakini haikuwahi kunisikia nikiwa msibani. Mtani hampi mtani wake pole. Anakuja kwa kelele. Anauliza kama marehemu ameacha chakula, anamwigiza alivyokuwa akitembea, anakutukana mpaka ucheke wakati machozi bado yanatiririka. Pole za taratibu ni za wageni na wakuu wa idara.

Nilidhani atakimbia. Alikuwa na njia ya kutokea nyuma ya kabati, na treni ya mpakani ilikuwa bado haijaondoka. Badala yake alivaa koti, akageuza kibao cha duka upande wa "Tumefunga", akakiinamia kifungo cha shati alimorekodia taarifa zake.

"Huyu aliyenipigia si Shangazi," alisema. "Maana yake Shangazi halisi wanaye wao. Mtego uko stesheni, basi na yeye atakuwa hukohuko. Nakwenda kumchukua."

Mwandishi wa tamthilia, aliyekaa safu ya mbele, aliruka juu. "Ni bora kuliko nilivyoandika!" akasema. Ningekuwa na kiatu kizito ningemrushia.

Nikashuka ngazi mbio.

Chini kuna chumba cha joho. Ni vazi zito lililojaa nyaya, ambalo mafundi huvaa wanapotaka kuingia Zimbari kurekebisha taa au mvua. Ukilivaa, mwili unatokea kule, na unachogusa kule unakihisi huku. Alanus Nyoni, fundi wa zamu, alikuwa anatazama tamthilia kwenye kioo kidogo huku machozi yanamchuruzika. Naye ni Mngoni, wa Mbinga.

"Alanus, nifungulie joho."

"Ni kosa, dada Kuni."

"Mhehe wetu anakwenda kufa kwa kudhani ananiokoa mimi."

Alinitazama, akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Mimi nimekwenda kunywa maji," akasema. Akanifunga kwanza mikanda yote ya joho, akahakikisha hainibani, ndipo akaenda kunywa hayo maji.

Nilisimama gizani ndani ya vazi lile. Nikimwambia ukweli, huenda akanyamaza kama yule muuguzi, nami nitakuwa nimemzika hai kwa mdomo wangu. Nisipomwambia, anakufa kwa uongo wenye sauti yangu. Wataalamu walikuwa wamejaribu kuusema ukweli kwa upole na ukaua. Mimi upole sikuwa nao. Nilikuwa na utani tu.

*

Zimbari kuna baridi. Miaka yote niliiona kwenye kioo na sikuwahi kujua.

Nilitokea nyuma ya stesheni nikiwa na ovaroli ya njano ya mafundi wa taa. Kaburi lilikuwa limekwishachimbwa. Lukelo alikuwa amesimama ukingoni, mikono imefungwa, damu mdomoni, na Kanali Bakandu, jibaba lenye koti refu, alikuwa anamkaripia.

"Shangazi hayupo hapa! Hajawahi kuwapo!"

"Basi huyo ni nani?" Lukelo akauliza.

Maana wakati huo mimi nilikuwa nimepita katikati ya askari, nikaruka ndani ya shimo na kulala chali. Udongo ulinipenya shingoni. Nikakunja mikono kifuani.

"Wewe nani?" Kanali akafoka.

"Mtani wa marehemu."

"Hajafa bado!"

"Ndiyo maana nimewahi. Mngoni hachelewi msiba wa Mhehe. Hapa hazikwi mtu mpaka nilipwe!"

Askari wanne walikuwa na sepetu. Zimbari iliandikwa iwe nchi ya kigeni, lakini miigo wake wote tuliwakuza kwa maongezi ya watu wetu wenyewe, ya sokoni, ya harusini na ya msibani. Mafundi hawakuwaza hilo lingezaa nini. Sajini mmoja mwenye ndevu nyeupe aliichomeka sepetu yake ardhini.

"Afande, mimi sifukii. Kuna mtani ndani."

"Mtoeni!"

"Mtani hatolewi, afande. Hulipwa." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali, na mmoja akakaa kabisa juu ya kifusi kungoja majadiliano.

Lukelo aliinama ukingoni. Hakuwahi kuniona. Macho yake yalinipitia kuanzia viatu hadi nywele zangu za mvi.

"Shangazi?"

"Ulitegemea mrembo?"

"Nilitegemea mkia." Akainama zaidi. "Jina lako la kweli ni nani?"

"Kunigunda. Wananiita Kuni."

"Kuni mbichi. Ndiyo maana siku zote ni moshi mtupu." Alikuwa anatabasamu na damu ile mdomoni. "Walikukamata?"

"Hakuna aliyenikamata. Lukelo, nina neno. Nalisema kwa utani, kwa hiyo huna ruhusa ya kukasirika."

"Mtani hakasirikiwi. Sema."

Nikavuta pumzi. "Mama yako hakufa."

"Nilijua!"

"Hakufa kwa sababu hakuzaliwa. Wala Kalenga hukuwahi kukanyaga. Wewe ni tamthilia ya televisheni, mtani wangu. Unaonyeshwa Jumanne, baada ya taarifa ya habari. Nimekulea kwenye kiti, Gangilonga, nikiwa nimejifunika shuka. Wangoni tulitaka Mhehe mwenye adabu, tukakosa, ikabidi tutengeneze mmoja. Na bado tumeharibu."

Alinyamaza.

Sijawahi kuogopa hivyo. Ukungu ulipita kati yetu. Niliona mabega yake yakilegea na macho yakienda mbali, mahali nisipoweza kumfuata, nikajisemea, Kunigunda, umemwua. Nilianza kuomba kwa Kingoni, lugha niliyodhani nimeisahau.

"Kwa hiyo," alisema hatimaye, "mimi ni Mhehe wa kutungwa."

"Wa kutungwa kabisa."

"Na wewe ni Mngoni halisi, wa nyama na damu."

"Wa Peramiho."

"Na miaka yote hii nimekuweka kitini, hulali, unanichungia maadui. Na leo nimekulaza kaburini." Mabega yakaanza kumtikisika. "Kuni, mmekwisha! Babu zenu walipigwa na Wahehe wa kweli. Ninyi mmepigwa na wa kuchorwa!"

Akacheka mpaka akapiga magoti. Nami nikalia pale chini kwa furaha, kamasi na udongo vimechanganyika, mbele ya nchi nzima.

"Dada," yule sajini akaita taratibu, kofia mkononi. "Na sisi je?"

Sikuwa nimewafikiria, nakiri. Nikawatazama, wazee kwa vijana, na Kanali naye akiwa ameshusha bastola yake, mdomo wazi.

"Na ninyi," nikasema. "Wote."

"Ah." Akaigeuza kofia. "Basi naomba uwe mtani wetu pia, kama nafasi ipo."

"Ipo." Nikanyoosha uso juu, kwenye anga ya Zimbari, ambako nilijua Zuhura anatazama. "Mmesikia huko? Jogoo sitaki tena. Nawadai hawa. Wote. Msiponilipa nalala humuhumu, na kila Jumanne mtakuwa mnamwonyesha bibi wa Kingoni kaburini mpaka watazamaji wachoke."

Kisha sauti ya Zuhura ikashuka, imejaa machozi, na askari wote wakaangalia juu.

"Kuni, simu hazikatiki. Watu wamejaa hadi getini. Wanasema mtani apewe haki yake."

"Na wewe unasemaje, bosi?"

"Mimi Mzaramo. Wasukuma walilala kwenye kaburi la baba yangu, na tuliwalipa." Akapenga kamasi, nchi nzima ikasikia. "Bwawa halifungwi. Nitapambana na wakubwa mwenyewe. Toka humo, utapata mafua."

Sajini akanipa mkono, akanivuta. Lukelo hakuweza, mikono yake ilikuwa bado imefungwa. Nikamfungua mimi.

*

Kazi nimefukuzwa, na kesi inaendelea. Wakili wangu ni Mhehe, anasema akishindwa atasema alifanya makusudi. Mahakama imeagiza bwawa lisiguswe mpaka hukumu, na wakati tunasubiri nimeruhusiwa kumpigia Lukelo kila Jumanne. Bado anatengeneza saa. Kanali Bakandu huja dukani kwake kucheza bao na anashindwa vibaya.

Juzi Lukelo alikuwa mkimya. Nilizisikia saa tu.

"Namkumbuka mama," alisema mwishowe. "Najua hakuwapo, Kuni. Lakini mikono yake naikumbuka ilivyokuwa ya joto, na sijui nimpeleke wapi."

Nikasahau mimi ni nani. "Pole sana, Lukelo," nikamwambia.

Nikasikia bisibisi ikiwekwa mezani.

"Nani anaongea?" Ilikuwa ile sauti yake ya kazi. "Nipe mtani wangu."

Nikafuta pua kwa ncha ya shuka.

"Mama yako alikuwa na akili," nikasema. "Alijua atamzaa Mhehe, akaona afadhali yeye mwenyewe asizaliwe."

Ndipo akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, nami nikamwacha alie.